Mbega Hana Kidole Gumba

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme neno juu ya filamu ya katuni inayotengenezwa na chama chetu cha sinema. Najua wengi wamekwisha kuchoka na habari hii, maana imezungumzwa bwaloni, mabwenini, hata katika foleni ya maji. Lakini waliozungumza kwa sauti kubwa ni wale wasemao kwamba mambo yote ni sawa, na mimi sikubaliani nao. Tena nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba kosa nitakalolitaja lilianza na mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo simsuti mtu.

Kwa wasomaji wasioijua habari hii, filamu yetu ni ya dakika kumi. Mtoto wa mbega anashuka kutoka milima ya Udzungwa kuja huku Lipangalala kuuliza kwa nini kijito chake kimekauka. Anaufuata mto Lumemo mpaka Ifakara, anakutana na watu na wanyama njiani, kisha anarudi kwao na majibu. Itaonyeshwa siku ya wazazi, na baadaye kwa watoto wa shule za msingi za jirani. Mimi nilipewa kazi ya kumchora huyo mbega.

Nilimchora kwa siku tatu. Nikampa manyoya ya rangi ya kahawia, masikio makubwa ya duara na meno ya kucheka. Alikuwa amejining'iniza tawini kwa mkia. Mkono mmoja ulishika ndizi, na wa pili uliinua kidole gumba juu, kama afanyavyo mtu akitaka kusema mambo ni safi. Wenzangu walipiga makofi. Mwenyekiti wa chama akasema picha hiyo yafaa kuuzwa Dar es Salaam. Nami, nakiri, nilivimba kichwa.

Ijumaa usiku, baada ya masomo ya jioni, babu mlinzi wetu alikuja kutuambia tuzime taa. Mzee huyu kwao ni Sanje, chini ya milima. Alisimama mlangoni akaitazama kompyuta kwa muda.

"Mwanangu, huyu nani?"

"Mbega, babu."

"Mbega wa wapi?"

"Wa hapo milimani kwenu."

Akasogea, akavaa miwani yake. "Mbega hana kidole hiki," akasema, na hapo akanishika kidole changu gumba. "Na ndizi hii kapewa na nani?"

Tulicheka sana, lakini nilicheka kwa aibu. Nikamwuliza amejuaje habari ya kidole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alipokuwa kijana, kabla hifadhi haijawekwa, mbega walikuwa kitoweo, na mtu aliyemchuna mnyama haisahau mikono yake. Sikulipenda jibu hilo, lakini ndilo jibu alilonipa, na sitalipamba. Katika shule nzima yenye maabara, maktaba na kompyuta, aliyemjua mbega alikuwa mtu aliyewahi kumla.

Kesho yake nilikwenda maktaba, kisha kwa mwalimu wa bayolojia, kisha nikapanga foleni ya kompyuta yenye intaneti. Babu alikuwa amesema kweli tupu. Mbega wote, weusi kwa wekundu, kidole gumba chao ni kinundu tu, au hakipo kabisa. Hata jina lao la kitaalamu latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Vidole vinne vilivyobaki ni virefu, navyo hufanya ndoana ya kudakia matawi. Chakula chao kikubwa ni majani, hasa yale machanga, pamoja na maua na matunda mabichi. Tumbo lao limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na humo majani huchachushwa na vijidudu. Matunda mabivu yenye sukari nyingi hayalifai tumbo la namna hiyo. Kwa hiyo mimi nilimkaribisha mgeni wangu kwa kumshikisha chakula cha kumwumiza.

Na ule mkia! Kima wanaojining'iniza kwa mkia ni wa Amerika ya Kati na ya Kusini. Huku Afrika mkia wa kima ni wa kumsaidia asiyumbe, haumbebi hata mara moja.

Jambo lililonichoma zaidi ni hili. Mbega wetu huyu mwekundu hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika milima ya Udzungwa na misitu michache ya bonde hili la Kilombero. Mgongo wake ni wa kijivu iliyokolea hata kukaribia weusi, tumbo lake jeupe, na utosini ana nywele nyekundu kama mtu aliyevaa tarabushi. Nimekaa hapa miaka minne. Milima hiyo naiona kila asubuhi wakati wa mstari. Nilimjua vizuri simbamarara wa India, na jirani yangu mwenye tarabushi sikumjua.

Nilipoyaleta mambo haya katika mkutano wa chama nilizomewa. Sitawataja waliozomea, ila hoja zao nitazitaja kwa haki. Walisema katuni ni mchezo. Mnyama anasema Kiswahili, amevaa kaptula, anabisha hodi mlangoni kwa watu. Sasa kidole kimoja kina ubaya gani? Walisema pia kwamba watoto hupenda ndizi na hawapendi majani. Mwisho wakasema muda umekwisha.

Hoja ya muda naiacha, kwa sababu muda uliopotezwa kwa kunizomea ungetosha kukifuta kidole kile mara mia. Ile ya kwanza ni hoja nzuri, na aliyeitoa ni rafiki yangu anayelala kitanda cha juu yangu. Alisema wazee wetu walimsemesha sungura, fisi na kobe bila kufanya utafiti wo wote, na hadithi zao zingali hai.

Ni kweli hawakufanya utafiti, lakini hawakuuhitaji. Mtu aliyemtunga sungura mjanja alikuwa akimwona sungura shambani kwake. Alijua kwamba mnyama huyu hana pembe wala meno ya kupigana, na kwamba huponea kwa kukata kona. Fisi wa hadithi ni mlafi na hutembea usiku kwa sababu fisi wa porini ndivyo alivyo. Sijasikia hadithi ya bibi yangu ambamo fisi alikula mchicha. Maneno ya wanyama yalikuwa ya kubuni, lakini mnyama mwenyewe alikuwa wa kweli, na ndiyo maana msikilizaji alicheka: alimtambua. Sisi wa bweni tumeona wanyama wengi kuliko wazee wetu, lakini tumewaona kiooni, nao wamekwisha kupitia mikono ya watu wa mbali.

Wala sisemi kwamba mchoro uwe kama picha ya pasipoti. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora wanyama kwa rangi za dukani juu ya vipande vya ubao, na wafuasi wake hata leo humpa chui madoa makubwa na macho kama sahani. Hakuna mtu aliyepata kuuliza kama yule ni chui au mbuzi. Aina hiyo ya uchoraji imetengenezewa hata katuni, Tinga Tinga Tales, iliyochorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010. Mchoraji ana ruhusa ya kukuza, kupunguza na kupaka rangi apendayo, lakini ruhusa hiyo hupewa mtu anayemjua mnyama. Mimi sikumkuza mbega. Nilichora mnyama mwingine nikamwandikia jina la mbega.

Hata wakubwa wa kazi hii hufanya utafiti kwanza. Wachoraji wa kampuni ya Walt Disney walipotengeneza Bambi, filamu iliyotoka mwaka 1942, waliletewa studioni watoto wawili wa kulungu wa Marekani, wakawachora walivyosimama na walivyolala. Kabla ya The Lion King ya mwaka 1994 baadhi yao walisafiri hadi Kenya, na simba hai waliletwa mbele ya wachoraji. Kwa ajili ya Tarzan, iliyotoka mwaka 1999, walikwenda mpaka Uganda kuwatazama masokwe wakubwa waitwao gorila katika msitu wa Bwindi. Watu wenye mashine na fedha zote hizo waliona wanahitaji kupanda milima ya Afrika kumtazama mnyama. Sisi milima tumeipa mgongo tukatazama kioo.

Hata hivyo nao hukosea, na mfano wao twapaswa kuutazama kwa sababu umebeba maneno yetu. Katika The Lion King mnyama mwenye hekima anaitwa Rafiki, nalo ni neno letu. Lakini uso wake, wenye pua nyekundu na mashavu ya buluu, ni wa mandrili, kima wa misitu ya Kameruni, Gabon na nchi za jirani zao huko magharibi. Katika nyika za Serengeti hayupo. Tena wamempa mkia mrefu, na mandrili ana kikia kifupi kama kidole. Timon naye ni nguchiro wa jangwa la Kalahari, huko kusini kabisa. Watoto wangapi wa Tanzania wanaamini kwamba wanyama hao wako kwetu? Mimi nilikuwa mmoja wao mpaka muhula huu.

Katika filamu zetu wenyewe kuna mwanzo mwema. Katuni ya Akili and Me, iliyotengenezwa Dar es Salaam, ina komba na kiboko, na watoto wadogo wanawapenda. Kwa hiyo ile hoja kwamba mtoto hapendi ila ndizi siikubali. Mtoto hupenda anachopewa kwa ustadi.

Tena wanyama wa milima hii wana visa kuliko vyote tulivyobuni. Tazama habari ya ngolaga. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu wa Mwanihana, juu ya Sanje. Wakasikia mlio ambao hawakuutazamia mahali pale. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza akawaambia huyo ni ngolaga, kisha wakaonyeshwa mtoto wa mnyama huyo aliyekuwa akifugwa kijijini. Hivyo ulimwengu wa sayansi ukapata kima mpya, ambaye leo vitabuni anaitwa mangabei wa Sanje. Watu wa Sanje walikuwa na jina lake tangu zamani. Aliyekuwa hajui ni mgeni. Babu mlinzi alipoulizwa juu ya ngolaga aliigiza mlio wake pale pale karibu na tangi la maji, na kuku wa mpishi wakatawanyika.

Mlio huo ndio uliomtambulisha mnyama kwa wataalamu. Sisi je, katika filamu yetu tumetia milio gani? Fundi wetu wa sauti alichukua mayowe ya sokwe. Sokwe wa nchi hii wako Kigoma, huko Gombe na Mahale, na Udzungwa hakuna hata mmoja. Najua filamu za zamani za Tarzan za huko Hollywood zilijaa kicheko cha kookaburra, ndege wa Australia, na watu wa dunia nzima wakadhani hiyo ndiyo sauti ya msitu wa Afrika. Je, na sisi tuliozaliwa Afrika tuurudie mchezo huo?

Au mtazame sange. Huyu ni mnyama mdogo wa chini msituni, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama mkonga. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa katika msitu wa Ndundulu, humo humo Udzungwa, ilipiga picha ya sange ambaye hakuna mtaalamu aliyepata kumwandika: uso wa kijivu, kiuno cheusi tititi, mzito kuliko sange wote waliojulikana, ingawa uzito wenyewe ni kama gramu 700 tu. Mwaka 2008 akatangazwa rasmi. Na katika nasaba yake, wataalamu wasema, sange yu karibu na tembo kuliko panya. Hebu fikirini, wenzangu mnaotafuta vichekesho usiku kucha, mnyama wa gramu 700 akimwendea tembo na kumwambia, "Shikamoo, mjomba!" Hapo mnacheka, na mnachekea jambo la kweli.

Kinyonga wa Magombera naye anastahili filamu peke yake. Magombera ni msitu mdogo wa tambarare huku huku bondeni, karibu na mashamba ya miwa. Mtaalamu mmoja, Andrew Marshall, alimshtua nyoka aliyekuwa akila, naye nyoka akatema kinyonga na kukimbia. Kinyonga huyo hakufanana na ye yote aliyeandikwa vitabuni, na mwaka 2009 akapewa jina la msitu huo. Msitu ulikuwa umekatwa sana kabla haujawekwa kuwa hifadhi, kama ulivyo leo. Kama ungalikwisha wote, nyoka angalimtemea wapi?

Labda msomaji atasema, basi huyu ametoka katika kidole ameingia katika misitu. Nimeingia makusudi. Filamu hii tunawatengenezea watoto wa Ifakara. Mtoto wa darasa la tatu ataiona siku moja, na huenda hatasoma kitabu kingine juu ya mbega mpaka atakapokuwa mtu mzima. Huyo ndiye atakayekuwa mwenyekiti wa kijiji, au mchoma mkaa, au askari wa wanyama pori. Siku atakapoulizwa kama msitu fulani ukatwe, lazima awe na sura moja kichwani ya anayekaa humo. Tukimpa sura ya kima asiyepatikana po pote, atatazama juu ya mti, hatamwona, naye atasema hapa hapana kitu.

Tena kuna jambo la uadilifu hapa. Hadithi yetu yenyewe ni ya mnyama anayekuja kulalamika kwamba watu wamemharibia kijito. Tunasema kwa niaba yake. Mtu anayesimama barazani kumsemea jirani yake, na jina la jirani huyo halijui, wala chakula chake, wala mikono yake ilivyo, baraza litamsikiliza kwa lipi?

Sasa nafika penye ugomvi wenyewe, nao ni wa fedha. Chama kina akiba iliyotokana na kuuza karanga na barafu siku ya michezo. Fedha hizo hazitoshi mambo mawili. Wengi wanataka fulana za rangi moja zenye jina la chama kifuani, zivaliwe siku ya wazazi. Wachache, nami nikiwamo, tunataka zilipe basi la kutupeleka Mang'ula, penye lango la Hifadhi ya Udzungwa, wachoraji na fundi wa sauti wakakae msituni siku moja wakitazama na kusikiliza. Kura itapigwa juma la pili la muhula ujao.

Fulana sizichukii. Nimepata kuitamani moja mimi mwenyewe, hasa ile ya kijani. Lakini wazazi watatazama fulana kwa dakika tano, kisha taa zitazimwa, na hapo watakuwa wanamtazama mbega. Wengine kati yao wametoka Sanje, Mang'ula na Msolwa. Baba wa mwanafunzi mwenzetu atakapoinuka gizani na kuuliza, "Huyu mnyama wa wapi?" fulana ya kijani haitatusaidia kumjibu.

Wengine wamesema nasukuma safari hii kwa kuwa napenda kutembea. Hilo nalijibu kwa ufupi. Sisi wa kidato cha nne tumekwisha kukatazwa kutoka nje ya shule mpaka mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba uishe. Safari ikipitishwa, mimi nitakuwa darasani na kitabu cha hesabu.

Kwa hiyo wadogo zangu wa kidato cha pili na cha tatu, mkienda, nawaomba haya. Mtazameni mbega akiisha kushiba, jinsi anavyokaa na tumbo lake mbele kama mzee aliyekula pilau ya harusi, maana kazi ya kusaga majani huchukua saa nyingi, na katika filamu yetu nimemfanya akimbie toka mwanzo hadi mwisho. Mtazameni anaporuka, mikono inavyotangulia. Mmoja wenu akae kimya na kinasa sauti tangu alfajiri, wala asiongee hata akiumwa na siafu. Ngolaga hutembea sana chini akitafuta mbegu na uyoga, basi msitazame juu tu.

Mchoro wangu wa kwanza nimeufuta. Wa pili una tarabushi na vidole vinne, lakini macho bado si yake. Nimeyachora kwa kubahatisha. Nimeuweka ndani ya daftari langu la michoro katika kabati la maktaba, rafu ya chini, pamoja na penseli mbili zilizochongwa. Kurasa kumi na nne ziko tupu. Babu mlinzi hana zamu Jumamosi, na amesema akilipiwa nauli atakwenda nanyi mpaka Sanje.

Mwanafunzi, Kidato cha IV